Skii zinakukimbia: dalili, sababu na tiba kwa anayeanza kushuka mteremko

Kuna sekunde chache, siku ya kwanza au ya pili, ambapo skii huacha kuwa mbao mbili zilizofungwa miguuni zikawa miguu yenyewe. Upepo unapiga mashavu, theluji inanong'ona chini yako, mlima unakuvuta nawe unakubali kuvutwa. Sauti inakutoka kabla hujaamua kuitoa. Mimi narudi mlimani kwa ajili ya sekunde hizo, na sijaona mtu aliyezionja akazisahau.

Lakini kabla hazijafika kuna saa nyingi za skii zisizosimama, buti zinazobana na magoti yanayotetemeka. Wengi huacha mchezo katika saa hizo wakidhani hawakuumbiwa kazi hii. Wanajionea. Karibu kila tatizo la anayeanza lina sababu inayoonekana, na sababu zenyewe si nyingi: mara nyingi ni buti, au ni uzito wa mwili kukimbilia visiginoni. Utaona hapa chini jinsi hizo mbili zinavyojitokeza kila mahali zikiwa zimevaa sura tofauti.

Tafuta dalili inayokusumbua. Ukipata tiba yake, ijaribu kwenye mteremko mwepesi kuliko ule uliokushinda, na ujaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua ni lipi lililokusaidia.

Skii hazisimami

Umepiga kabari kama ulivyofundishwa. Ncha za mbele zimekaribiana, mikia imetanuka nyuma, na bado unakwenda, tena unaongeza mwendo. (Kabari ni jina linalofaa: ni umbo lile lile la kipande kinachopasulia gogo, na neno skii lenyewe limetoka Kinorwe, ambako asili yake ni kipande cha mti kilichopasuliwa. Hannes Schneider wa Arlberg, Austria, ambaye mfumo wake wa kufundisha ulienea nchi nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliwaanzisha wanafunzi na kabari, na hadi leo shule nyingi huanzia hapo.)

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kwamba umekaa nyuma. Hofu humfanya mtu ajivute mbali na kile anachokiogopa. Kinachoogopwa kiko mbele, bondeni, basi mwili unarudi nyuma, makalio yanashuka kama yanatafuta kiti. Uzito ukishahamia visiginoni, nusu ya mbele ya skii inakuwa nyepesi na haiumi tena theluji. Ni kama gari ambalo magurudumu ya mbele yameinuka: usukani unazunguka, gari linashika njia yake. Ubaya ni kwamba kadiri skii zinavyoongeza mwendo ndivyo unavyozidi kujivuta nyuma, na kadiri unavyojivuta ndivyo zinavyokimbia.

Kipimo chake kiko kwenye muundi. Simama mahali tambarare, kunja vifundo vya miguu mpaka muundi uegemee ulimi wa buti, ule upande wa mbele unaopanda juu. Kariri mguso huo. Sasa ukishuka, jiulize swali moja tu: muundi wangu unagusa? Ukihisi nafasi hapo mbele, na mgongo wa buti unakusukuma shavu la mguu, jibu unalo. Usijaribu kurekebisha kwa kuinama kiunoni. Hilo ni kosa la pili linalojificha ndani ya la kwanza: kifua kinakwenda mbele, makalio yanabaki nyuma palepale, na uzito haujasogea hata kidogo. Kinachokunjwa ni kifundo cha mguu, kisha goti kinafuata. Mikono iwe mbele yako, kama uliyebeba sinia. Mikono ikiporomoka nyuma ya nyonga, mwili wote huifuata.

Kama muundi unagusa na bado hupunguzi mwendo, angalia kingo. Chini ya kila skii kuna kingo mbili za chuma, na kabari hupunguza mwendo kwa sababu kingo za ndani zinakwaruza theluji. Skii zikilala bapa, hata ukitanua miguu kiasi gani, zinateleza tu. Sukuma visigino nje kama unayepaka siagi kwa miguu miwili, magoti yakielekea mbele na ndani kidogo. Magoti yasigusane, maana yakigusana huna tena nguvu ya kusukuma, na viungo vyake vinaumia.

Inawezekana pia kwamba kila kitu unafanya sawa na mteremko ndio mkali. Kabari ina mpaka wake. Kuna mwinuko ambapo hata mapaja ya mwanariadha hayawezi kuuzuia mwili kwa kabari, na kuendelea kusukuma ni kujichosha bure. Ukifika hapo inabidi ujue siri ambayo natamani kila mwalimu angeisema saa ya kwanza: breki ya kweli ya skii ni mwelekeo.

Fikiria umemwaga ndoo ya maji hapo uliposimama. Njia ambayo maji yangeifuata kushuka, tuiite njia ya maji. Skii zikielekea njia hiyo, unaongeza mwendo. Zikiikata kwa upana, unapungua. Zikielekeza ncha juu kidogo ya mlima, unasimama, bila nguvu yoyote, kwa sababu mlima wenyewe umekushika. Kwa hiyo anayejua kumaliza kona, yaani kuendelea kugeuka mpaka skii zikate mteremko kabisa, hahitaji kupigana na mwendo. Anayekata nusu kona na kukimbilia inayofuata anabeba mwendo wa kona ya kwanza kwenda nao ya pili, na wa pili kwenda nao ya tatu, mpaka kona ya nne inamtupa. Nikimtazama anayeanza kutoka kwenye kiti cha lifti inayotupandisha mlimani, naweza kukisia ataangukia wapi kwa kuangalia kona zake zinaishia wapi.

Zoezi: chagua mteremko mpole unaoishia mahali tambarare au penye mwinuko mdogo, ili hata ukishindwa usimame mwenyewe. Shuka ukielekea upande mmoja wa njia, kisha acha skii zipande juu mpaka zisimame. Pumzika. Rudia upande wa pili. Usiunganishe kona mbili kabla kila moja haijakusimamisha peke yake.

Unakata kona upande mmoja tu

Kila mtu ana upande wenye nguvu. Mguu unaoutegemea kwenye ngazi au unapopiga mpira ndio utakaokupa kona nzuri, na upande wa pili utaonekana kama wa mtu mwingine. Hilo la kawaida. Tatizo huanza pale unapoujaribu upande dhaifu na skii hazigeuki hata kidogo.

Sababu karibu kila mara ni uzito kuwa kwenye mguu usiostahili. Ili uende kushoto, bonyeza skii ya kulia. Ili uende kulia, bonyeza ya kushoto. Akili hukataa hili mwanzoni, kwa sababu tukitembea au tukiendesha baiskeli tunaegemea kule tunakokwenda. Kwenye skii, ukiegemea ndani ya kona, skii ya nje, ambayo ndiyo inayokugeuza, inabaki tupu. Itazame skii yako kwa juu: ncha pana, mkia mpana, kiuno chembamba. Ikiinamishwa kwenye ukingo na kubonyezwa, inajipinda na kuchora upinde, na wewe unabebwa juu ya upinde huo. Skii zenye kiuno cha wazi namna hii zilienea miaka ya 1990. Kabla ya hapo zilikuwa ndefu na karibu zimenyooka, na kujifunza kona kulichukua muda zaidi. Umezaliwa wakati mzuri. Hakikisha tu hukupewa ndefu mno: kwa anayeanza, skii iliyosimamishwa wima ifike kati ya kidevu na pua.

Mazoezi mawili yamenisaidia. La kwanza, katikati ya kona inua mkia wa skii ya ndani sentimita chache. Huwezi kuuinua bila uzito kuwa nje, kwa hiyo zoezi linajisahihisha lenyewe. La pili, kunja mwili pembeni uguse goti la nje kwa mkono wa upande huo huo, ukibaki hapo mpaka kona iishe.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili inayostahili maneno zaidi. Skii zinaanza kugeuka vizuri, zinafika pale zinapoelekea bondeni moja kwa moja, halafu zinakwama hapo, nawe unakimbizwa. Hapa skii hazina kosa. Kila kona ni lazima ipite kwenye njia ya maji, hakuna kona inayoiruka. Kwa muda mfupi, labda sekunde moja, skii zitaelekea chini na mwendo utaongezeka. Sekunde hiyo ndiyo inayowatisha watu, nao wanafanya mojawapo ya mambo mawili: wanajivuta nyuma, au wanapindisha mabega kwa nguvu kulazimisha kona iishe. Ukijivuta nyuma, umepoteza usukani pale pale ulipouhitaji. Ukipindisha mabega, mikia inafyatuka pembeni na unajikuta unatazama ulikotoka.

Tiba ni kusubiri ukiwa umebonyeza. Muundi kwenye ulimi wa buti, uzito skii ya nje, macho kule unakotaka kufika, kisha unaipa skii muda wake. Itageuka. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mara nyingi kwenye mbili tayari imeshakubeba. Ili mabega yatulie, shika fimbo zako zote mbili kwa ulalo mbele ya kifua, kama kizingiti cha chini cha dirisha, na uliache dirisha hilo litazame bondeni muda wote huku miguu ikigeuka chini yake. Na ile sekunde ya njia ya maji, ukishaizoea, utagundua kwamba ndiyo hasa uliyoifuata mlimani. Tumbo linapaa, kisha skii inashika, na ule mshiko baada ya kupaa ni utamu ambao sijaupata kwenye mchezo mwingine wowote.

Ncha za mbele zinapishana

Skii moja inapanda juu ya nyingine na unapigwa mwereka wa mbele. Chanzo ni skii moja kuwa kwenye ukingo kuliko mwenzake, au uzito kuelemea mguu mmoja ukiwa kwenye kabari iliyonyooka. Wengine huzikaribisha ncha mno. Acha kati yake upana wa kiganja. Na usizitazame. Macho yakishuka kwenye ncha, kichwa kinashuka nacho, na unaanza kuzisahihisha moja moja. Tazama mita 10 au 15 mbele.

Miguu inauma

Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu watu wengi wameuchukia mchezo kwa kosa la buti. Buti la skii ni gumu, hilo halibadiliki, lakini halipaswi kuumiza. Na kosa la kawaida ni kuchagua buti kubwa mno, si dogo mno. Anayeanza akilijaribu buti linalomfaa anaona linabana, anaomba namba ya juu, anapata lililolegea kama kandambili na kufurahi. Mlimani, mguu unaogelea ndani yake. Kila anapotaka kugeuza skii, mguu unazunguka na buti linabaki. Anakaza vibanio mpaka damu inazuiwa. Sasa ana maumivu, na hana usukani.

Namba za buti za skii ni urefu wa wayo kwa sentimita: wayo wa sentimita 26 ni namba 26. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama. Ukiweza, omba bitana ya ndani itolewe, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole viguse mbele. Nafasi inayobaki nyuma ya kisigino iwe kama sentimita 2. Ukisharudisha bitana na kufunga, vidole viguse mbele kidogo ukisimama wima, kisha vijivute nyuma ukikunja magoti. Vikigusa ukiwa wima, usiogope, ndivyo inavyotakiwa, maana kwenye mteremko hutasimama wima.

Ukivaa, piga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, funga kwanza vibanio vya kifundoni na juu yake, kunja magoti, kisha vile vya wayoni kwa wepesi. Soksi iwe moja, nyembamba, ndefu kupita buti, bila mkunjo. Soksi mbili huleta mikunjo na jasho, na jasho huleta baridi. Suruali ya ndani isiingizwe kwenye buti.

Maumivu yenyewe yana lugha yake. Muundi ukiwa na michubuko, ama buti limelegea na mguu unagonga, ama soksi imekunjamana. Vidole vikifa ganzi huku havijabanwa na ganda, fungua vibanio vya wayoni. Kisigino kikiinuka unapoegemea mbele, buti ni kubwa, na hakuna kukaza kutakakoponya. Mapaja yakiwaka moto baada ya mita 100 tu, hilo si suala la buti wala la mazoezi: umekaa nyuma, na mapaja yanafanya kazi ya mifupa. Rudi kwenye muundi.

Skii inachomoka, au haichomoki

Kifungio kinachoshika buti kimetengenezwa kiachie pale nguvu inapozidi kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho hupangwa na fundi kwa kuangalia uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya utelezaji wako. Ukiulizwa uzito au ujuzi, sema kweli. Anayejitangaza mzoefu hupangiwa namba ya juu, na siku atakayoanguka polepole huku mguu ukijipinda, skii itabaki imeshika.

Ikichomoka ovyo bila kuanguka, kabla hujamlaumu fundi tazama chini ya buti. Theluji iliyoganda kwenye soli, hata nyembamba, huzuia buti kukaa sawa. Ikwangue kwa fimbo au kwa ukingo wa kifungio chenyewe, ingiza ncha ya buti kwanza, kisha kanyaga kisigino mpaka usikie mlio. Ukiwa mteremkoni, laza skii zikate njia ya maji, vaa ya upande wa bonde kwanza. Ikiendelea kuchomoka, irudishe kwa fundi. Usiguse skrubu mwenyewe. Na ujue kwamba kifungio kizuri hupunguza hatari ya kuvunjika mguu zaidi kuliko kinavyolinda kano za goti; jinsi unavyoanguka bado kuna maana.

Umeanguka na huinuki

Kuanguka kwema ni kwa ubavu, upande wa mlima, nyonga ikitangulia. Kubaya ni kukaa kitako juu ya mikia ya skii: hapo skii zinaendelea kukimbia, hazitawaliki, na goti lina mkao unaoumiza kano. Ukiona unaanguka, kubali. Usipigane kusimama huku bado unateleza. Achia fimbo, maana kidole gumba kilichonaswa kati ya fimbo na theluji huchanika kano, na ni jeraha linalojulikana sana kwenye mchezo huu.

Ukishatulia, geuza skii ziwe upande wa bonde, zikikata njia ya maji. Hiki ndicho kinachowashinda wengi: skii zikielekea chini hata kidogo, zitaondoka kabla hujasimama. Kama zimekaa juu yako, jibwage mgongoni, zipitishe hewani, zilaze upya. Kisha jivute karibu nazo, nyonga juu ya buti, bandika kingo za upande wa mlima, sukuma kwa mkono. Ukishindwa mara mbili, vua skii ya upande wa mlima na uinuke kwa mguu ulio huru. Hakuna anayekuhesabia.

Lifti inakuangusha

Zulia linalotembea halihitaji lolote: simama, usitembee, acha nafasi mbele. Kwenye lifti ya fimbo inayokuvuta kwa makalio, kosa ni kukaa. Haijatengenezwa ibebe uzito, inakusukuma tu. Simama, magoti laini, skii sambamba ndani ya mifereji. Ukianguka, achia mara moja na utoke njiani.

Kwenye lifti ya viti, geuza kichwa ukione kiti kikija, shika fimbo zote kwa mkono mmoja, kaa kinapogusa miguu. Wakati wa kushuka watu huanguka kwa kuchelewa na kwa kusitasita. Inua ncha za skii, ziweke bapa kwenye theluji, simama kwenye alama, acha kiti kikusukume, na uteleze mbali kabla ya kusimama kuvaa fimbo. Mwambie mhudumu kwamba ni mara yako ya kwanza. Lifti nyingi hupunguzwa mwendo akiombwa.

Jana ulijua, leo hujui

Hili huwavunja moyo watu bila sababu. Mara nyingi wewe hujabadilika, theluji ndiyo imebadilika. Iliyoyeyuka mchana wa jana imeganda usiku, na asubuhi unatelezea barafu. Kwenye barafu, kukandamiza kingo kwa ghafla huzifyatua. Kuwa mpole, simama katikati ya skii, usigeuke palipong'aa. Subiri kipande chenye theluji laini mbele kidogo ndipo ukate kona. Kingo butu nazo hazishiki, na karakana hunoa kwa muda mfupi.

Alasiri, jua likishalainisha kila kitu, tatizo linageuka: theluji imekuwa nzito, imejikusanya vilima vidogo, na skii zinanata kama zimekanyaga gundi. Maji hufyonza sehemu ya chini ya skii. Nta iliyopakwa kwa ajili ya joto husaidia. Usitanue miguu sana, maana kila skii itashikwa kivyake.

Kukiwa na mawingu mazito, mwanga unasawazika na hutaona matuta wala mashimo. Telezea karibu na miti, kwani vigogo vyake huipa macho kitu cha kupimia. Na jua lisidharauliwe kwa sababu ya baridi: mionzi yake ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Paka mafuta ya kinga hata chini ya kidevu na puani, na usivue miwani. Ukipata kichwa kuuma na kichefuchefu ukiwa juu, zaidi ya mita 2,500, punguza kasi ya siku yako, kunywa maji. Dalili zikizidi, shuka. Ngozi ikigeuka nyeupe na kupoteza hisia, ingia ndani sasa hivi.

Mwili umeganda katikati ya mteremko

Umesimama. Chini kunaonekana kama ukuta. Miguu imekataa. Wenzako wako mbali wanapunga mikono.

Jambo la kwanza: mara nyingi hukupaswa kuwepo hapo. Rangi za njia hazina kipimo kimoja duniani. Ulaya kwa kawaida buluu ni nyepesi, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu, na baadhi ya nchi, kama Ufaransa, zina kijani chini ya buluu. Amerika ya Kaskazini hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Lakini rangi hulinganisha njia za eneo hilo tu, kwa hiyo buluu ya mlima mmoja inaweza kukutisha kuliko nyekundu ya mwingine. Mahali pageni, anza rangi moja chini ya uliyoizoea. Na rafiki anayekuambia "twende, ni rahisi" amesahau ilivyo kuanza. Mpende, usimfuate.

Lakini sasa uko hapo, basi tushuke. Toa pumzi yote nje, taratibu. Mtu aliyeganda huwa ameshikilia pumzi na hajui. Usitazame bonde lote, chagua sehemu mita 5 mbele, pembeni. Kisha tumia kuteleza ubavu: laza skii zikate njia ya maji, egemea kingo za upande wa mlima, halafu zilegeze kidogo kidogo mpaka skii zianze kukwaruza kushuka kwa ubavu. Zikaze tena, unasimama. Legeza, shuka. Kaza, simama. Kwa njia hii unaweza kuteremka mahali ambapo huwezi kukata kona hata moja, ukiwa umesimama juu ya miguu yako. Ningeamua mimi, kila mtu angefundishwa jambo hili kabla hajapanda lifti ya viti. Njia ikifunguka na kulainika, kata kona moja. Ikitoka vizuri, nyingine.

Usivue skii na kuanza kutembea kwenye mwinuko mkali wenye barafu. Buti halina kingo; skii inazo.

Raha imekuzidi

Hii ni dalili pia, na huja siku ya tatu au ya nne. Kona zimekubali. Unashuka ukicheka. Unaanza kuzipunguza kona, kisha kuziacha, unaelekeza skii chini na kuziachia. Utamu ni wa kweli, siukatai. Ila jipime: je, ukitokea mtoto ameanguka nyuma ya kituta kile, unaweza kusimama? Kama huwezi, unabebwa.

Kanuni 10 za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, FIS, zinaliweka wazi: mwendo wako ulingane na uwezo wako, hali ya theluji na msongamano wa watu, na aliye chini yako ana haki ya njia. Anayetoka juu ndiye anayeona, kwa hiyo ndiye anayekwepa. Usisimame mahali pembamba wala nyuma ya kituta. Vaa helmeti.

Ukitaka mwendo zaidi, uupate kwa kona: ile ile iliyokuwa ikikusimamisha, anza kuifupisha kidogo tu, mteremko ule ule, huku ukijua kwamba unaweza kuimalizia wakati wowote unapotaka. Na ukihisi mapaja yanatetemeka ukiwa umesimama, au umekosea kitu ulichokiweza asubuhi, siku imekwisha. Usitafute mteremko mmoja wa mwisho. Baadhi ya lifti hushusha watu pia. Panda, teremka nayo, tazama mlima ukigeuka rangi.

Jioni toa bitana za buti zikauke mbali na moto, kisha funga vibanio vya ganda kwa wepesi ili lisipoteze umbo. Yaweke mahali penye joto. Plastiki ikilala kwenye baridi huwa ngumu kama jiwe asubuhi, na utachoka kabla hujafika kwenye theluji.